Aliyefeli Alidanganywa na Nani?

Ndugu msomaji, yapo maneno mawili ambayo Mwingereza ametuachia, na ukiyatamka haraka haraka utadhani ni mtu na mdogo wake: faili na feli. Faili ni lile jalada la ofisini, lenye kamba na vumbi lake. Feli halihitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyefika kidato cha nne. Na ukitazama vizuri utakuta hilo la pili ndilo linaloamua kama jina lako litaingia kwenye lile la kwanza.

Mimi nataka tuzungumze juu ya hili la pili. Sikuja hapa kulia wala kumlaumu mtu. Nimelifuatilia neno hili kama mtu anavyomfuatilia mpangaji mgeni: ametoka wapi, kwao alikuwa nani, na kwa nini alipofika kwetu akawa mkali hivi? Sisi tunaojifunza kuandika riwaya tunaambiwa kila siku tujue mhusika wetu alizaliwa wapi na alilelewa na nani. Basi na maneno nayo ni wahusika, tena wengine wana historia ndefu kuliko ya mfalme.

Kabla ya kusafiri, hebu tutazame maneno tuliyokuwa nayo hapa nyumbani. Kiswahili hakikuwa na njaa ya maneno ya kukosa. Tunasema mtu ameshindwa, na kisarufi ile ni kauli ya kutendwa, maana yake yuko aliyemshinda. Tunasema amekula mweleka, neno la uwanja wa mieleka, na hapo pia yupo mpinzani, jasho na vumbi. Tunasema jambo limekwenda mrama, au limegonga mwamba, na hayo wametupa mabaharia: mrama ni kule kuyumba kwa chombo baharini, na mwamba ni mwamba. Hata vijana wa mitaani wakisema mshkaji amechemsha, angalau unauona moto chini ya sufuria.

Sasa linganisha na alifeli. Alifeli nini? Kwa nani? Neno halisemi. Mwaka wa kwanza watu husema alifeli hesabu, au alifeli mtihani wa kidato cha nne. Baada ya miaka kumi husikii tena habari ya hesabu wala ya mtihani. Utasikia tu, yule kijana wa mzee fulani, yule aliyefeli. Kitenzi kimekwisha kuwa jina la ukoo.

Haya, tupande chombo.

Kitenzi cha Kiingereza ni "fail", na babu yake ni kitenzi cha Kilatini, "fallere". Ukimuuliza Mrumi wa kale maana yake hatakwambia habari ya kukosa alama. Atakwambia ni kudanganya. Kulaghai, kughilibu, kumtega mtu mguu. Kitenzi hiki kilitaka mtu wa kudanganya na mtu wa kudanganywa. Waliandika hata juu ya njia yenye utelezi kwamba mguu umemdanganya mwenyewe, yaani yeye aliuamini, nao ukamponyoka. Na Mrumi msomi akitaka kusema "kama sikosei", alisema "nisi fallor", tafsiri yake ya moja kwa moja ni "isipokuwa kama nimedanganyika". Kwa Mrumi, basi, kukosea ni kudanganyika.

Watoto wa kitenzi hicho bado wanaishi katika Kiingereza na ukiwapanga mstari mmoja wanafanana sura. "False", yaani uongo, ametoka humo moja kwa moja. "Fallacy", hoja inayoonekana nzuri kumbe ina shimo, naye yumo. "Fault", kosa au kasoro, ni binamu. Ukoo mzima ni wa udanganyifu na mapengo.

Kilatini kilipovunjika vunjika na kuzaa lugha nyingine, kule Ufaransa kitenzi kile kikawa "faillir". Hapa kikaanza kubadilika tabia. Mtu anayekudanganya ni mtu ambaye hakufika ulipomtegemea, si ndiyo? Basi "faillir" ikawa kutofika, kupungua, kuisha, kukosa shabaha. Na Wafaransa wamekifanyia kitenzi hiki mambo mawili ambayo mimi naona ni ya ajabu. La kwanza, kutokana na shina hilo hilo wamepata usemi wao wa "il faut", ambao ndio "inabidi", "ni lazima". Yaani kitu kinachokosekana kimegeuka kuwa kitu kinachohitajika. La pili, Mfaransa wa leo akisema "j'ai failli tomber" hasemi ameanguka. Anasema nusura aanguke! Kitenzi ambacho Mwingereza alikichukua akakifanya kuanguka kabisa, kwa jirani yake ng'ambo ya mlango wa bahari kinamaanisha kwamba mtu amesimama, miguu inatetemeka, lakini amesimama.

Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari wakaitwaa Uingereza, na kwa karne kadhaa Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na mahakama huko. Maneno yakamiminika. Mwanzoni mwa karne ya 13 "fail" linaonekana katika maandishi ya Kiingereza, na hapo mwanzo halikuwa neno la kumhukumu mtu. Kilichofeli kilikuwa kitu. Chemchemi ilifeli, maana yake ilikauka. Macho ya mzee yalifeli, nguvu za askari zilifeli. Katika Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611, ile habari ya mjane wa Sarepta na chupa yake ya mafuta isiyoisha imetumia kitenzi hiki hiki kwa yale mafuta. Mafuta hayakufeli! Jaribu kulisema hilo kwa Kiswahili chetu uone watu watakavyokutazama.

Matumizi hayo hayajafa. Mwingereza akizidiwa na jambo hadi akose la kusema, husema maneno yamemfeli. Yeye ndiye anayefeliwa. Maneno ndiyo yaliyotakiwa kuja, hayakuja. Kwa mtu anayekaa na kalamu usiku mbele ya karatasi nyeupe, hiyo ni sarufi ya haki kabisa, na nashangaa kwamba sisi hatukuichukua.

Tulichukua kitu kingine, na kabla hakijatufikia kilipita mikononi mwa wafanyabiashara.

Mfanyabiashara anayedaiwa ameahidi kulipa siku fulani. Siku ikifika na yeye hana, ahadi yake imepungua. Kwa hiyo Waingereza, na baadaye Wamarekani, wakazoea kusema mfanyabiashara fulani "amefeli", wakiwa na maana kwamba amefilisika. Wafaransa nao wana "faillite", neno la kufilisika, na msomaji wetu wa Lubumbashi amelisikia redioni. Sisi hapa pwani tulikwisha kuwa na letu kutoka kwa Mwarabu, na lina hadithi tamu. Muflisi, kwa maelezo ya wanazuoni wa Kiarabu, ni mtu ambaye dirhamu zake za fedha zimekwisha, amebaki na fulusi, zile sarafu ndogo za shaba. Ajabu ni kwamba Kiswahili kikaichukua fulusi kikaifanya ndiyo pesa yenyewe. Sarafu ya mtu aliyefilisika ikawa ndiyo utajiri wetu, jamani.

Lakini angalia jambo moja. Kufilisika, kwa Mwarabu na kwa Mwingereza wa zamani, kulikuwa ni tukio. Limempata mtu mwaka fulani. Lilikuwa tukio kali, sikatai. Baba yake Charles Dickens alifungwa katika gereza la wadaiwa la Marshalsea, London, mwaka 1824, na mtoto akiwa na umri wa miaka 12 tu akapelekwa kubandika karatasi kwenye vikopo vya rangi ya viatu kiwandani. Baadaye Dickens aliliweka gereza hilo katika riwaya ya Little Dorrit. Kifungo kilikuwa kifungo, hata hivyo deni likilipwa au sheria ikipata njia, mtu alitoka. Mzee Dickens alitoka baada ya miezi michache.

Mabadiliko makubwa, kwa maoni yangu, yalitokea Marekani. Mwaka 1837 uchumi wa nchi ile uliporomoka. Mabenki yalisimamisha malipo, maduka yakafungwa. Miongoni mwa walioanguka alikuwamo Arthur Tappan, mfanyabiashara mkubwa wa hariri katika jiji la New York, ambaye kampuni yake ilikuwa na madeni ya zaidi ya dola milioni moja, fedha za kutisha kwa wakati ule. Ndugu yake, Lewis Tappan, alifanya kazi pamoja naye. Hawa hawakuwa watu wabaya. Wote wawili walipinga utumwa kwa mali zao na kwa usalama wao, na Lewis ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuwatetea Waafrika wa meli ya Amistad baada ya mwaka 1839.

Lewis Tappan akajiuliza swali la kibiashara: nitajuaje ni nani wa kumkopesha? Mwaka 1841 akaanzisha New York shirika la kukusanya habari za wafanyabiashara, Mercantile Agency. Katika kila mji alitafuta mtu wa kumwandikia, mara nyingi wakili kijana. Hata Abraham Lincoln, ambaye duka lake mwenyewe kule New Salem lilikuwa limekufa likamwachia madeni ya kulipa kwa miaka, aliwahi kuwa mmoja wa waandishi hao. Waliandika nini? Fulani ana duka la nguo, mke wake ana mali, yeye ni mlevi kidogo, ni mwaminifu lakini hana akili ya biashara. Mistari miwili, mitatu. Habari hizo zikanakiliwa kwa mkono katika madaftari makubwa. Yamehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Harvard, zaidi ya majuzuu 2,500.

Mwanahistoria mmoja, Scott Sandage, aliyatumia madaftari hayo kuandika kitabu kilichotoka mwaka 2005, Born Losers. Anaonyesha jinsi neno lilivyohama. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mmarekani alisema mtu amepata anguko la biashara, kama vile mtu amepata ajali. Kufikia mwisho wa karne, mtu mwenyewe alikuwa ndilo anguko. Yaani "a failure" likawa jina la binadamu. Hakusemwa tena kuwa duka lake limekufa, ilisemwa yeye ni mtu wa namna hiyo. Madaftari yale hayakuleta mabadiliko hayo peke yake, lakini hebu fikiri: deni lina tarehe ya kwisha, sasa maneno mawili juu ya tabia yako yaliyoandikwa na mtu usiyemjua, kwenye daftari usiloruhusiwa kulisoma, yana tarehe gani ya kwisha?

Na shule je?

Hapa kuna kichekesho. Wanafunzi wenyewe wa huko Ulaya na Marekani walilikimbia neno "fail" kadiri walivyoweza. Oxford, mwanafunzi aliyekosa mtihani alisemekana "amenyonyolewa", kama kuku. Desturi inayosimuliwa ni kwamba siku ya kutoa shahada, muuza duka anayemdai mwanafunzi aliweza kumvuta msimamizi wa chuo joho lake ili kuzuia shahada isitolewe, na kule kuvuta ndiko kulikozaa usemi. Baadaye wakasema "amelimwa", kwa jembe la ng'ombe. Nilipolisoma hili nilicheka, kwa sababu watangazaji wetu wa mpira nao husema mchezaji amelimwa kadi nyekundu, na sidhani walikwenda Oxford kulichukua.

Marekani walikuwa na mawili. Mwaka 1851 kijana mmoja, Benjamin Hall, alichapisha kitabu kizima cha maneno ya wanafunzi wa vyuo. Mle limo "flunk", kukosa kabisa, na "fizzle", kukosa nusu, kujibu jibu linaloanza vizuri kisha linakufa njiani. Na hilo "fizzle", samahani kwa wenye adabu, karne tatu kabla lilikuwa na maana ya kujamba kimya kimya. Wanafunzi wa Yale walikuwa wanajua kucheka.

Tazama hayo maneno ya wanafunzi: kunyonyolewa, kulimwa. Yote mawili yana mtu mwingine mwenye mkono kazini. Mwanafunzi anasema nimefanyiwa. Wakubwa, wao waliweka "fail" kwenye karatasi, na karatasi ndiyo inayosafiri mbali.

Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kutoa mitihani kwa shule zilizokuwa nje ya chuo, na baada ya muda mitihani hiyo ikafika makoloni. Kwetu ikaja cheti cha Cambridge. Mtoto wa Tabora au wa Kikuyu aliandika, karatasi zikasafirishwa Uingereza kusahihishwa, na jibu likarudi baada ya miezi. Mwaka 1967 nchi zetu tatu zikaunda baraza lao la mitihani la Afrika Mashariki, Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Karatasi zikarudi nyumbani. Neno nalo tayari lilikuwa limeshapewa irabu ya mwisho, likavaa kanzu, likawa feli.

Lakini lilifika bila mizigo yake. Halikuja na chemchemi iliyokauka, wala mafuta ya mjane, wala maneno yanayomfeli mtu. Wala halikuja na nusura ya Mfaransa. Lilitua chumba cha mtihani na maana moja tu, ile ya mwisho kuzaliwa, na ile ndiyo kali kuliko zote.

Na lilianza kufanya kazi mahali ambapo halistahili hata kidogo. Wazazi wetu wanakumbuka miaka ambayo nafasi za sekondari za serikali Tanzania zilikuwa chache mno. Mtoto wa darasa la saba aliweza kufanya vizuri asichaguliwe, kwa kuwa madawati yamekwisha. Kijijini walisemaje? Amefeli. Kilichopungua ni madawati. Kwa Kiingereza cha karne ya 13 ungesema madawati ndiyo yaliyofeli, na sentensi ingekuwa sahihi kabisa.

Nimalizie na mfano ambao wengi mnaukumbuka. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 yalitangazwa Februari 2013. Watahiniwa zaidi ya 240,000, kama asilimia 60 hivi, walipata divisheni ziro. Nchi nzima ilishtuka. Serikali ikaunda tume, chini ya Profesa Sifuni Mchome. Mwezi Mei ikatangazwa bungeni kwamba matokeo yale yafutwe, yapangwe upya kwa utaratibu wa miaka ya nyuma, kwa sababu mwaka ule madaraja yalipangwa kwa utaratibu mpya. Yalipopangwa upya, maelfu waliokuwa na ziro wakawa hawana ziro tena.

Simameni hapo kidogo. Karatasi ni zile zile. Hakuna aliyeitwa kurudia swali hata moja. Binti aliyeandika jibu lake Oktoba 2012 alikuwa amefeli Februari, na ilipofika katikati ya mwaka alikuwa hajafeli, na katika miezi hiyo yote hakugusa kalamu. Pengine ndani ya miezi hiyo alikwisha kuozeshwa, au kupelekwa mjini kwa shangazi kuuza genge. Mlimwitaje jirani zake? Na baada ya hapo mlimwendea kumwambia kwamba neno limeondolewa?

Wataalamu wa lugha watanikumbusha kwamba neno halina wajibu kwa babu yake, kwamba maana ni ile watu wanayoitumia leo, si ile ya Roma. Ni kweli na nakubali. Lakini nimegundua kwamba watumiaji wenyewe hawajaridhika. Kaa barazani na wanafunzi wakati matokeo yametoka usikilize vitenzi vyao. Wachache watasema nimefeli. Wengi wanakichukua kitenzi cha Mwingereza, wanakiongezea kiambishi chetu cha kusababisha, wanasema: wamenifelisha. Somo fulani limenifelisha. Mwaka mzima bila mwalimu wa fizikia umetufelisha. Wazee wakisikia hukunja uso, husema huyo anatafuta kisingizio. Wakati mwingine ni kisingizio kweli, tunajuana. Ila Mrumi wa kale, ambaye hajui fizikia wala divisheni, akipita pale barazani atalielewa neno kufelisha mara moja. Hilo feli letu tupu, lisilo na mtu wa kufanya wala wa kufanyiwa, ndilo litakalomfanya aombe mkalimani.